Nakala ya Akiba na Ghala la Mbali: Historia Fupi

Neno nakala limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na shina lake katika lugha hiyo lina maana mbili: kuhamisha kitu kutoka mahali hata mahali, na kuandika upya maandishi yaliyokwisha kuandikwa. Msemaji wa Kiswahili ameshika maana ya pili, na ile ya kwanza ameiacha nyuma. Walakini historia ya uhifadhi wa maandishi yaonyesha kwamba maana hizo hazifai kutenganishwa. Maandishi yakinakiliwa na nakala ikabaki chumba kimoja na asili yake, yamepata mwenzi wa kufa naye. Nakala ikipelekwa mbali, yamepata mrithi.

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu kazi za serikali, za benki, za vyuo, na hata za watungaji wa kamusi zilipotoka katika kadi na majalada zikaingia katika kanzidata, yaani hazina ya taarifa zilizopangwa ndani ya kompyuta kwa namna ambayo kila moja yaweza kutafutwa na kubadilishwa peke yake. Hazina hiyo haina uzito wala haichukui nafasi kubwa, na amri moja iliyoandikwa kwa makosa yaweza kuifuta kwa muda wa sekunde chache. Kwa hiyo hapana budi iwe na nakala ya akiba, na nakala hiyo iwekwe katika ghala la mbali. Hakuna mlinzi wa kanzidata anayelikana hilo. Lililo gumu ni kujua nakala iliyoko mbali yaweza kuaminiwa kwa dalili gani. Swali hilo si geni. Katika nchi ya Korea liliulizwa na kujibiwa kwa vitendo karne nyingi kabla ya kompyuta, na nchini humo humo likaulizwa tena mwaka 2025, kwa hasara kubwa.

Wasomaji wa ushairi wa Kiswahili wanao mfano wao wa karibu. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kabla ya kati ya karne ya 19, zilibaki kwa muda mrefu katika vinywa vya watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, naye mtu wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, alimsaidia mmisionari Mwingereza W. E. Taylor kuziandika. Karatasi za Taylor zilikwenda Uingereza, na hatimaye zikawekwa katika maktaba ya chuo cha London kinachoshughulikia lugha za Asia na Afrika. Mwaka 1940 diwani ya Muyaka ilipigwa chapa Johannesburg kwa uhariri wa William Hichens, na kwa njia hiyo tungo zilirudi pwani zilikotoka. Hiyo ndiyo nakala ya mbali iliyofanya kazi yake. Lakini haikupangwa na mtu. Ilitokea kwa sababu msomi mmoja alipenda mashairi, na mwenyeji mmoja aliyahifadhi moyoni. Bahati ya namna hii haiwezi kufanywa kuwa kanuni. Anayetafuta kanuni hana budi atazame mahali ambapo nakala ya mbali ilikuwa kazi ya dola.

Ukoo wa Joseon ulianza kutawala Korea mwaka 1392. Kila mfalme alipofariki, waandishi wa baraza walikusanya habari za enzi yake, siku baada ya siku, wakazipanga kwa tarehe na kuzifanya kuwa tarehe moja ya utawala huo. Maandishi hayo huitwa Sillok. Hadi enzi iliyokoma mwaka 1863 yalikwisha kukusanya habari za wafalme 25 na miaka 472, katika vitabu 888. Hayakuandikwa yawe pambo. Maofisa walipokuwa na shaka juu ya sherehe, kodi, au adhabu, walitafuta humo jinsi jambo kama hilo lilivyoamuliwa zamani. Kwa hiyo Sillok ilikuwa hazina ya taarifa kwa maana kamili: ilipangwa, iliongezwa kila mara, na iliulizwa maswali.

Hapo mwanzo vitabu hivyo viliwekwa katika maghala mawili, moja Seoul katika idara iliyoitwa Chunchugwan, na jingine katika mji wa Chungju. Mwaka 1439, katika enzi ya Mfalme Sejong, maofisa walishauri kwamba maghala mawili hayatoshi. Maghala mengine mawili yakaongezwa, Jeonju na Seongju, na ilipofika mwaka 1445 seti nne za enzi tatu za kwanza zilikuwa tayari. Hekima ya mpango huo ilionekana mwaka 1538, ghala la Seongju liliposhika moto. Vitabu vyake viliteketea. Lakini vilinakiliwa upya kutoka katika seti zilizobaki, na ghala likajazwa tena. Msiba wa mahali pamoja haukuwa msiba wa hazina nzima.

Hata hivyo mpango huo ulikuwa na kasoro ambayo moto wa ghala moja haukuweza kuifichua. Maghala yote manne yalikuwa mijini. Mwaka 1592 majeshi ya Toyotomi Hideyoshi wa Japani yaliteremka Busan, na kwa muda usiofika mwezi mmoja yakaingia Seoul. Seongju, Chungju, na Seoul yote ilikuwa katika uso wa vita, na seti tatu kati ya nne zikapotea. Aliyehesabu umbali kwa mwendo wa miguu angalisema kwamba miji hiyo iko mbali na mwenziwe. Aliyehesabu kwa hatari angaliona kwamba iko mahali pamoja. Hapa ndipo palipo na somo la kwanza la historia hii. Umbali wa nakala haupimwi kwa maili tu. Hupimwa kwa kuuliza kama jambo moja, liwe moto, vita, mafuriko, au amri ya mtu mmoja, laweza kuifikia asili na nakala kwa pamoja.

Seti ya nne, ile ya Jeonju, iliokolewa na watu. An Ui na Son Hong-rok walikuwa wasomi wa sehemu zile, wazee wenye umri wa miaka 64 na 56. Waliposikia kwamba adui anakaribia, walikwenda Jeonju, wakashirikiana na maofisa wa ghala kuvichukua vitabu hadi mlima wa Naejang, wakavificha humo na kuvilinda zaidi ya mwaka mmoja. Baadaye vitabu vilikabidhiwa kwa serikali, vikahamishwa mara kadhaa kuelekea kaskazini mpaka vita vikaisha. Habari za enzi 13, tangu Taejo hadi Myeongjong, yaani takriban miaka 175, zilikuwa zimebaki katika seti hiyo moja tu.

Serikali ilirudi kwenye kazi kabla nchi haijapona. Kati ya mwaka 1603 na 1606 Sillok ilichapwa upya kutoka katika seti ya Jeonju. Zilipatikana seti tatu mpya; na pamoja na ile ya asili na karatasi za kusahihishia, ambazo nazo hazikutupwa, jumla ikawa seti tano. Moja iliwekwa Seoul kwa matumizi ya kila siku. Nyingine nne zilipelekwa mahali ambapo jeshi halipiti kwa kawaida: milima ya Taebaek, Odae, na Myohyang, na mlima wa Mani katika kisiwa cha Ganghwa. Watawa wa mahekalu ya karibu walipewa kazi ya ulinzi. Gharama haikuwa ndogo kwa nchi iliyokuwa imeharibiwa na vita vya miaka saba, lakini waliokuwa wameona seti tatu zikipotea hawakuhitaji kuelezwa faida yake.

Mambo yaliyofuata yaliuthibitisha uamuzi huo. Seti ya Seoul iliteketea mwaka 1624 katika uasi wa Yi Gwal. Ile ya Myohyang ilihamishiwa mlima wa Jeoksang katika miaka ya 1630 kwa kuhofia Wamanchu, na ile ya kisiwani iliharibiwa sehemu katika vita vya mwaka 1636, ikatengenezwa, kisha ikahamishiwa ghala jingine katika kisiwa hicho hicho. Baada ya Japani kuitwaa Korea, seti ya Odae ilipelekwa Tokyo mwaka 1913, na sehemu kubwa ikaungua katika tetemeko la ardhi la mwaka 1923. Mwaka 2006 Chuo Kikuu cha Tokyo kilirudisha vitabu 47 vilivyosalia kwake. Seti ziliungua, zikavamiwa, zikachukuliwa ng'ambo, maandishi hayakupotea. Leo seti ya Taebaek iko Busan, na ile ya Ganghwa iko katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul.

Lakini kuna sehemu ya mpango huo isiyosimuliwa mara nyingi, nayo ndiyo yenye maana kubwa kwa swali la makala haya. Waswahili husema, akiba haiozi. Methali hiyo ni kweli kwa nia yake, ambayo ni kuhimiza watu waweke. Lakini karatasi huoza, na wadudu hawaheshimu methali. Watu wa Joseon walilijua hilo. Kwa desturi, kila baada ya miaka michache, mara nyingi mitatu, ofisa wa tarehe alitumwa kutoka mji mkuu hadi kila ghala. Yeye ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kufungua masanduku. Vitabu vilitolewa kimoja kimoja, vikaanikwa juani na penye upepo, vikahesabiwa, vikarudishwa pamoja na dawa za mitishamba za kufukuza wadudu. Kisha iliandikwa orodha ya vilivyokuwamo na hali yake, na waliohusika wakatia sahihi. Hivyo hakuna aliyesema kwamba nakala ya Taebaek ni nzima kwa sababu tu iliwahi kupelekwa huko. Ilisemwa ni nzima kwa sababu mtu alikwenda, akafungua, akatazama, akaandika.

Kanzidata ya kompyuta ina shida moja zaidi ambayo kitabu hakina. Kitabu kilichokwisha kuchapwa hakibadiliki wakati mwandishi anakinakili. Kanzidata hubadilika kila sekunde, hata katika dakika zile zile inaponakiliwa. Mwenye kuinakili kwa pupa aweza kupata ukurasa mmoja wa saa nne na mwingine wa saa tano, na hesabu zisilingane. Kwa sababu hiyo programu za kanzidata huweka daftari ya mabadiliko, ambamo kila badiliko huandikwa kabla halijatiwa mahali pake. Katika PostgreSQL, ambayo ni mojawapo ya programu zinazotumika sana, tangu toleo la 8.0 la mwaka 2005 mlinzi aliweza kuchukua nakala moja kamili, kisha kupeleka kurasa za daftari katika ghala la mbali kila zinapojaa. Msiba ukitokea, nakala kamili hurudishwa kwanza, kisha daftari husomwa juu yake hadi dakika inayotakiwa, mathalani dakika moja kabla ya amri iliyofuta kila kitu. Ukurasa mmoja wa daftari ukikosekana katikati, kazi hukomea hapo.

Wengine huweka seva ya pili inayofuatana na ya kwanza hatua kwa hatua, nao hudhani kwamba hiyo ndiyo akiba. Seva hiyo ina faida yake, kwani ya kwanza ikivunjika, ya pili hushika kazi. Lakini kwa kuwa hufuata kila jambo, hufuata na makosa. Safu zikifutwa katika ya kwanza, hufutwa katika ya pili kabla mlinzi hajashtuka. Seva ya namna hii ni kivuli cha asili, na kivuli hakiwezi kurudisha kilichopotea jana.

Namna mambo haya yawezavyo kuharibika ilionekana wazi tarehe 31 Januari 2017, katika kampuni ya GitLab, ambayo huwatunzia watengenezaji wa programu kazi zao. Usiku ule seva ya pili ya kanzidata ilikuwa imebaki nyuma ya ya kwanza, na kurasa za daftari ilizozihitaji zilikuwa zimekwisha kuondolewa. Fundi mmoja, baada ya kazi ndefu, alitaka kufuta taarifa za seva ya pili ili aijaze upya. Amri aliyoiandika ilitekelezwa katika seva ya kwanza. Alipotambua na kuizuia, katika gigabaiti zipatazo 300 zilibaki 4.5.

Hapo ndipo maghala yalipofunguliwa. Kila siku programu moja ilipaswa kutoa nakala kamili na kuipeleka katika ghala la mbali kwa njia ya intaneti. Ghala lilikutwa tupu. Programu ile ilikuwa ya toleo la 9.2, na kanzidata yenyewe ya toleo la 9.6, kwa hiyo ilishindwa kila ilipoanza. Barua za kutangaza kushindwa kwake zilitumwa, lakini zilikataliwa na mtambo wa barua kwa kukosa uthibitisho unaotakiwa, na hakuna mtu aliyezisoma. Njia nyingine ya kuhifadhi picha ya diski haikuwa imewashwa kwa seva za kanzidata. Iliyookoa kazi ni picha ya diski aliyoichukua fundi kwa mkono saa sita hivi kabla ya msiba, kwa ajili ya majaribio mengine kabisa. Huduma ilirudi jioni ya siku ya pili. Taarifa za saa zile sita hazikurudi: kwa makadirio ya kampuni, miradi kama 5,000, maoni kama 5,000, na watumiaji wapya kama 700. Kampuni ilieleza yote hadharani bila kuficha, na maelezo yake yamewafunza walinzi wengi.

Inafaa kutazama vema kilichokosekana. Ghala la mbali lilikuwapo. Ratiba ilikuwapo, na hata mpango wa kutoa taarifa ulikuwapo. Kilichokosekana ni yule ofisa wa Joseon apandaye mlima kufungua sanduku. Laiti mtu mmoja angalijaribu mara moja tu kuirudisha nakala ile katika kompyuta nyingine, angaligundua mapema kwamba hapakuwa na nakala.

Miaka minane baadaye swali lilirudi Korea. Tarehe 26 Septemba 2025 betri za lithiamu zilizokuwa zikihamishwa zilishika moto katika kituo cha serikali cha kompyuta huko Daejeon, mji usio mbali na Jeonju. Mamia ya mifumo ya serikali yalizimwa. Hesabu ya kwanza ilikuwa 647, ikasahihishwa baadaye kuwa 709, na kati ya hiyo 96 iliunguzwa moja kwa moja. Mifumo mingi ilirudishwa polepole. Mmoja haukurudi. Huo uliitwa G-Drive, ghala la nyaraka za watumishi wa serikali, lililotumiwa na watu wapatao 125,000 na kubeba terabaiti 858. Halikuwa na nakala mahali pengine, na sababu iliyotolewa ni kwamba lilikuwa kubwa mno kwa njia za kunakili zilizokuwapo. Katika wizara ambayo watumishi wake walikuwa wameagizwa kuweka kazi zao zote humo, hasara ilikuwa kubwa kuliko kwingine. Baadhi ya nyaraka ziliweza kukusanywa tena, kwa sababu zilipata kupitia mfumo mwingine au zilibaki katika kompyuta za mezani.

Haifai kuwacheka watu wa Daejeon, wala kusema kwamba wajukuu wamesahau waliyoyajua mababu. Sababu waliyotoa ni sababu ya kila mahali: hazina ni kubwa, fedha ni kidogo, na hatari haijatokea. Lakini historia ya nchi yao wenyewe yalijibu hoja hiyo. Seti za Sillok zilichapwa na kupelekwa milimani wakati serikali ilipokuwa maskini kuliko wakati wowote, kwa sababu ukubwa wa hazina haukuhesabiwa kuwa udhuru wa kutoinakili. Ulihesabiwa kuwa kipimo cha hasara.

Kutokana na mifano hii masharti ya nakala ya kuaminika yaweza kutajwa kwa ufupi. La kwanza ni wingi na umbali. Kanuni iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh katika miaka ya 2000 yataka taarifa ziwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo iwe nje ya jengo. Na umbali huo upimwe kwa hatari, kama lilivyofundisha janga la mwaka 1592. La pili ni kwamba mwenye uwezo wa kuifuta asili asiwe na uwezo wa kuifuta nakala kwa ufunguo ule ule, kwa maana mwizi au kosa likipata ufunguo mmoja hufungua milango yote. La tatu ni mfululizo: nakala kamili iwe na daftari ya mabadiliko isiyokatika. La nne, ambalo bila yake matatu ya kwanza ni dhana tu, ni kufungua. Kwa siku zilizopangwa nakala irudishwe katika mashine nyingine, safu zihesabiwe na kulinganishwa na za asili, muda uliotumika uandikwe, na mtu mwenye jina atie sahihi. Kimya cha mtambo kisihesabiwe kuwa habari njema.

Vyuo vya lugha vina sababu ya pekee ya kuyashika masharti haya. Kanzidata ya benki ikipotea, wenye fedha watadai, na kwa madai yao sehemu ya hesabu itapatikana tena. Neno lililoandikwa kutoka kinywani mwa mzee wa kijiji, pamoja na matamshi yake na mfano wa matumizi yake, halina mdai. Mzee huyo akiisha kufariki, na kanzidata ikafutika, hakuna Jeonju ya kukimbilia. Kwa ajili ya maneno ya namna hiyo methali ya wazee yastahili kuongezewa tafsiri: akiba haiozi, ikiwa yupo mtu anayeifungua na kuianika.